Bwana Mengineyo

Mashine iliposimama, wafanyakazi wa kiwanda cha mablanketi walikuwa wameshaanza kuutumia mshahara kwa mdomo. Mmoja ameshanunua bati, mwingine ameshalipa ada ya mtoto, wa tatu ameshamaliza ugomvi na mwenye nyumba na kuanza mwingine na mwenye duka. Mfuko ukiwa mtupu, ulimi ndio hufanya matumizi. Ndipo habari ikatoka ofisini, ikashuka ngazi, ikapita katikati ya mitambo ya kufumia, ikafika getini kabla ya mtu yeyote kutumwa kuipeleka: mishahara haitoki leo, seva imejaa.

"Imejaa nini?" aliuliza msokota nyuzi. "Kwani ni pipa?"

"Imejaa mafaili."

"Na aliyewekwa kuichunga isijae ni nani?"

Jibu walikuwa nalo wote. Ni yule mwanamke wa ghorofani anayevaa sweta hata jua likiwa la kupasua mawe, yule waliyempa jina la Bi Asilimia. Kazi yake waliijua juu juu, kama mtu anavyoijua kazi ya wengu mwilini: ipo, na bila shaka ina maana yake. Kila asubuhi aliingia kwenye chumba cha baridi ambamo seva ilisimama, nyeusi, kimo chake sawa na jokofu, ikinguruma. Aliiuliza diski zake zimejaa kiasi gani, akaangalia mafaili ya idara ipi yamenenepa tangu jana, kisha akatuma tangazo kwenye kompyuta zote za ofisi: leo tumefika asilimia fulani, na wenye mzigo ni hawa, mkubwa juu, mdogo chini. Watu walilisoma wakicheka, wakalifunga, wakaendelea kujaza.

Leo hakuna aliyecheka. Alipokatiza uwanja kwenda idara ya uhasibu, wafumaji waliokuwa wamekalia marobota ya nyuzi walimfungulia njia kwa adabu ya kejeli.

"Mpisheni, asilimia zinapita."

"Dada, kwangu nina nafasi tele. Sufuria zote tupu. Nikuletee uhifadhie?"

"Mwacheni. Mshahara wake huyo ulitoka tangu jana."

Haukuwa umetoka. Mumewe alikuwa palepale kati yao, fundi wa mitambo, spana mkononi. Alipomwona mkewe anakaribia aliinama ghafla kama anayefunga kamba za viatu. Alikuwa amevaa buti za mpira.

Kwenye uhasibu, Mhasibu Mkuu alimwona anaingia na hakuinua kichwa. Alikuwa kaka mkubwa wa mumewe. Ndiye aliyewaombea kazi wote wawili, na ndiye mwenye nyumba wanayoishi, yeye na mama yake mbele, wao na watoto wao pacha vyumba vya uani. Kiwandani walimwita Bwana Nakala, lakini kwa kificho. Zamani mashine ya kwanza ya kampuni iliungua pamoja na hesabu za mwaka mzima, na aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Tangu hapo, kila Ijumaa makarani wake waliamriwa kuchukua mafaili yote ya hesabu, ya miaka yote, wayanakili upya kwa jina jipya. Na nakala ziliwekwa wapi? Kwenye seva ileile. Mtu anaogopa nyumba isiungue, basi anajaza kila chumba masanduku ya nguo zilezile.

"Shemeji," alianza.

"Hapa hakuna shemeji." Sasa aliinua kichwa, na sauti pia, makarani wapate kusikia. "Hapa pana Mhasibu Mkuu. Sema shida yako."

"Mhasibu Mkuu. Programu ya mishahara inataka nafasi ya kufanyia kazi, na nafasi hakuna. Ni kama mpishi, hata vitu vyote viwepo, asipopata mahali pa kukatia hapiki. Nakala za Ijumaa zikipungua, hata nusu yake, mishahara itatoka leo leo. Naomba ruhusa nizifute."

Kanuni ndivyo ilivyokuwa: faili la hesabu halifutwi na mtu yeyote, hata Meneja, mpaka Mhasibu Mkuu aseme ndiyo.

"Unataka kufuta hesabu za kampuni."

"Nakala zake. Hesabu zenyewe zinabaki."

"Nikikupa ruhusa nimekubali kwamba mimi ndiye niliyejaza. Au siyo?" Akawatazama makarani, nao wakajua kwamba wanatakiwa kutabasamu. "Amekula mwingine, unakuja kumtapisha mwingine. Soma tangazo lako mwenyewe, bibi. Uhasibu tuko wapi?"

Karani mmoja alilifungua tangazo la asubuhi, akalisoma kwa sauti, kwa furaha ya mtu aliyepewa kibali cha ukorofi. Uhasibu ulikuwa karibu na mkia, chini ya stoo, chini hata ya zahanati ya kiwanda ambayo kazi yake ni kutoa panadoli. Juu kabisa, amekalia nusu nzima ya diski, alikuwepo mmoja aitwaye Mengineyo.

"Basi mtafute huyo Mengineyo," alisema Bwana Nakala, "umwombe yeye ruhusa."

Meneja naye aliuliza habari za huyohuyo. Alikuwa mgeni kiwandani, bado anatembea kama mtu aliyeazima viatu, na dirisha la ofisi yake lilitazama uwanja ambao sasa ulikuwa umejaa watu.

"Jina hili limekuwa utani humu ndani," alisema. "Watu wa stoo waliniuliza, huyu Bwana Mengineyo ni mfanyakazi wa wapi, mbona anakula kuliko sisi sote na kazini haonekani. Nilicheka. Sasa watu wamenizunguka na sicheki. Mengineyo ni nini?"

Bi Asilimia alikuwa amesimama. Hakuambiwa akae.

"Ni mafaili mchanganyiko, Meneja."

"Ya nani?"

Maneno yalifika kwenye meno yakarudi. Meneja akageukia dirisha.

"Idara nyingine nimeziambia zifute zinachoweza."

"Wamefuta. Ni kuchota bahari kwa kijiko."

"Kesho asubuhi tunakaa hapa, wewe, Mhasibu Mkuu na mimi. Nikiridhika kwamba uliona hii hatari na hukusema, huna kazi. Na usifikiri utanikwamisha. Nafasi yako hata aliyemaliza shule juzi anaimudu."

Aliona, na alisema. Kosa lake lilikuwa mahali aliposemea.

Mwanzoni tangazo lake lilikuwa halimjui ndugu wala jirani. Uhasibu ulikaa kileleni peke yake, kwa rangi nyekundu, na watu wa stoo walikuwa wakipita dirishani kwa Bwana Nakala wakijipapasa matumbo. Jioni moja mama mkwe alimwita. "Mama Pacha," alimwambia, "leo umemvua nguo shemeji yako mbele ya makarani wake. Mtu aliyekutoa kwenye kukaanga mihogo barabarani. Ukiwa na neno naye, mezani hapa pana viti, njoo ukae useme. Lakini kumtangaza kama mwizi wa kuku, hapana." Akaona haya. Ni kweli alikuwa amekaanga mihogo barabarani. Kesho yake akazihamisha nakala za Uhasibu kutoka mahali pake kwenye tangazo, akaziweka kwenye mstari wa Mengineyo, na tangu siku hiyo neno lake akawa analisemea mezani.

Jumapili familia yote ilikula nyumba ya mbele. Alisubiri shemeji ashibe, maana mtu mwenye njaa haambiwi kitu, kisha akiwa anamnawisha mikono humwambia kwa sauti ya chini: "Shemeji, zile nakala. Diski inakaribia kujaa. Tutakwama." Na shemeji hukung'uta maji vidoleni na kujibu, "Nyumbani hatuongei kazi." Jumapili hiyo, na nyingine, na nyingine. Kazini undugu uliachwa getini, nyumbani kazi iliachwa getini, na geti kotekote lilikuwa lake. Wapo wanaoiita hii heshima. Heshima inayopanda tu na haishuki kamwe si heshima, ni ushuru.

*

Aliporudi nyumbani alasiri alikuta viti vimeshapangwa. Mama mkwe kwenye kochi, Bwana Nakala kwenye kiti chake chenye mito, mumewe kwenye stuli. Kigoda kimoja kilikuwa kimebaki, kile ambacho pacha hukalia wakisukwa nywele.

"Kaa, mwanangu," alisema mama mkwe. Neno mwanangu lilimtoka kavu kama gamba la samaki. "Hatukukuitia ugomvi."

"Nimekaa, mama."

"Jambo lenyewe dogo. Kesho utasema ulipitiwa. Binadamu hupitiwa."

"Nikisema nilipitiwa nafukuzwa."

"Utafukuzwa wewe," alisema Bwana Nakala, pole pole, kama anayemfundisha mtoto kutoa. "Mimi nitabaki. Mimi nikibaki, mumeo anabaki. Mumeo akibaki, watoto wanakula. Wewe nitakuombea pengine, nina watu. Na vyumba vya uani mtakaa mpaka mchoke wenyewe. Kuna ubaya gani hapo?"

"Lakini mafaili yana jina la Uhasibu. Mtu yeyote akiyafungua ataona."

"Waone. Sisi ni watu wa hesabu, nitasema sikujua kama yanadhuru. Wa diski ni wewe. Kazi yako ilikuwa kuniambia, na hukuniambia."

"Nilikuambia, shemeji. Hapa hapa. Kila Jumapili, umekaa kiti hicho hicho."

Bwana Nakala alimgeukia mama yake. "Mama, umewahi kumsikia?"

Mama mkwe alikoroga chai yake, ambayo sukari ilikuwa imeshayeyuka zamani. "Masikio yangu ya kizee haya," alisema. "Mimi siku hizi nasikia watoto tu."

Akabaki mmoja. Alimtazama mumewe. "Baba Pacha. Ulisikia au hukusikia?"

"Tusigombane," alisema mumewe. "Tuongee kama watu wa nyumba moja."

"Nani anagombana? Nimekuuliza ulisikia au hukusikia."

"Ndiyo maana nasema tuongee."

"Haya, ongea."

Mumewe alimtazama kaka yake. Bwana Nakala akasimama, akajinyoosha suruali.

"Nyumba hii nimeijenga tofali kwa tofali," alisema. "Anayetaka kunichafua ana haki yake. Lakini asinichafue akiwa chini ya bati langu. Mama Pacha, umenielewa?"

"Nimekuelewa, shemeji."

"Vizuri. Basi watoe wale watoto kwenye maua yangu."

*

Uani, mumewe alifunga mlango na dirisha, kwa joto lile, ili wasisikike.

"Unajua leo wameniitaje kazini? Bwana Asilimia. Mtu nimemrekebishia mtambo wake mwaka mzima, leo ananiuliza na mimi kitandani nimeachiwa asilimia ngapi. Mbele ya vijana."

"Ukamjibu nini?"

"Ningemjibu nini?"

"Ulikuwa unafunga kamba za buti za mpira. Nilikuona."

Akakaa kitandani, akajishika kichwa. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomchosha mkewe kuliko ubaya. Mtu mbaya unajua pa kumshika. Huyu alikuwa kama sabuni iliyolowa, ukimbana tu ameshafika upande wa pili.

"Sema ulipitiwa, mke wangu. Neno moja tu. Halimuui mtu."

"Litaniua mimi. Nikifukuzwa kwa uzembe, nani ataniajiri? Hao watu wa kaka yako? Watamuuliza kwa nini nimetoka huko, naye atawaambia mimi ni mzembe. Nitarudi barabarani na karai."

"Na ukisema ukweli tunalala wapi?"

"Sijui."

"Unaona."

"Sijui tutalala wapi. Lakini wewe ulikuwepo. Jumapili zote ulikuwepo, umekaa pembeni yake. Ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa nakula."

Nje pacha walikuwa wakigombania ndoo.

"Kesho utaitwa," alimwambia. "Nitakutaja."

"Usinitaje. Nakuomba kwa haki ya ndoa yetu."

"Nitakutaja kwa haki hiyohiyo."

*

Bwana Nakala alikuja kikaoni na koti. Alianza yeye, kwa sauti ya msibani. Alisema huyu ni mke wa mdogo wake, amemlea kama mwanawe, na inamuuma kumwona hapa. Nakala ni za idara yake, hakatai. Lakini yeye hakujua kama zinadhuru kitu, na wa kumjulisha alikuwa mmoja, na tangazo la huyo mmoja lilikuwa likimwambia kila asubuhi kwamba Uhasibu hauna shida. Sasa alaumiwe vipi?

"Bi," alisema Meneja, "ulipitiwa?"

Alimwona Bwana Nakala akiangalia kucha zake.

"Sikupitiwa. Bwana Mengineyo ni Uhasibu. Zile nakala nilizihamisha mimi kwenye tangazo, kwa mkono wangu, nikajua ninachofanya, kwa sababu nilimwonea haya shemeji yangu. Hilo ni kosa langu na silipunguzi. Lakini kumwambia nilimwambia."

"Kwa barua?"

"Kwa mdomo."

"Ofisini?"

"Nyumbani. Mezani, Jumapili, tukila."

Bwana Nakala alicheka, kicheko kidogo cha puani. "Meneja, tukiendelea hivi tutaleta na masufuria hapa."

"Kuna mtu aliyesikia?" aliuliza Meneja.

"Mume wangu. Yupo chini kwenye mitambo."

Akaitwa. Alikuja akijifuta mafuta kwa kitambaa, akaendelea kujifuta hata mikono ilipokuwa safi. Aliona kiti, akaogopa kukichafua, akasimama. Kaka yake hakumwangalia. Mkewe alimwangalia.

"Swali langu fupi," alisema Meneja. "Mkeo anasema alimwonya kaka yako kuhusu haya mafaili, nyumbani, na wewe ukiwepo. Alimwonya au hakumwonya?"

"Meneja, mimi ni fundi tu. Mambo ya kompyuta siyajui."

"Sijakuuliza kompyuta. Nimekuuliza alisema au hakusema."

Mumewe alikikunja kitambaa. Alitazama dari, akatazama dirisha, akamtazama kaka yake aliyemlipia karo ya ufundi, akamtazama mwanamke aliyemzalia pacha. Kisha uso wake ukang'aa kidogo, kama wa mtu aliyeona uchochoro, akajikohoza na kusema kwa heshima kubwa:

"Meneja, mambo ya mezani hayaletwi ofisini."

Bwana Nakala alifumba macho.

"Kwa hiyo mezani yalikuwepo," alisema Meneja.

"Sijasema hivyo."

"Umesema yasiletwe. Kisichokuwepo hakikatazwi kuletwa."

"Hapana, namaanisha, yalisemwa, lakini kwa juu juu tu. Hakuna aliyeyatilia maanani. Hata kaka mwenyewe alikuwa ameshiba."

"Yalisemwa mara nyingi?"

"Mara nyingi hapana, Meneja," alijibu fundi, akijitahidi sana kumwokoa kila mtu. "Ni Jumapili tu."

*

Bwana Nakala alitoa ruhusa akiwa amesimama mlangoni, mgongo umegeuka. Kufuta nakala zake kulichukua muda mfupi kuliko kunywa kikombe cha chai. Mwanamke alikaa mbele ya seva kwenye chumba cha baridi, akaziondoa moja baada ya nyingine, akaiangalia diski inapumua. Asilimia ikashuka, ikashuka tena, ikafika mahali ambapo yeye mwenyewe alikuwa ameshasahau kwamba paliwahi kuwepo. Mishahara ikatoka. Uwanjani walipiga vigelegele, wakatawanyika kwenda kwa wanaowadai. Hakuna aliyepanda ngazi kumwambia samahani, na yeye hakuwa mjinga wa kuingoja.

Hukumu zilikuja baada ya chakula. Yeye aliondolewa kwenye seva kwa kosa la kughushi tangazo, akapelekwa kibanda cha getini kupokea mablanketi yanayorudishwa na wateja kwa kutoboka, na mshahara ukakatwa ulingane na kibanda. Kazi hakufukuzwa, na Meneja alitaka hilo lieleweke kuwa ni huruma. Mhasibu Mkuu, kwa kuwa ni mtu mzima na mtumishi wa miaka mingi, Meneja alizungumza naye faraghani. Mkubwa huonywa kwa mdomo, mdogo huonywa kwa tumbo.

Chumba cha seva alikabidhiwa kijana aliyemaliza shule juzi. Alimwonyesha kila kitu: namna ya kuiuliza diski, namna ya kupanga idara, na namna ya kuangalia nani ananenepa.

"Na hawa Mengineyo?" kijana aliuliza.

"Usiwe na Mengineyo," alimwambia. "Kila mzigo na mwenyewe."

"Hata mkubwa?"

"Kwani una shemeji humu?"

"Sina."

"Basi kazi utaiweza."

*

Walipewa mpaka Jumamosi kuhama. Neno lilipita kwa mama mkwe, naye alilileta uani akiwa amesimama nje ya kizingiti, kama mtu anayeongea na wagonjwa.

Jumamosi asubuhi pikapu lilirudi kinyumenyume mpaka kwenye maua. Bwana Nakala alikuwa barazani na gazeti, hakugeuza ukurasa hata mmoja. Mama mkwe alisimama mlangoni pao, akikagua kila kinachotoka.

"Hayo mapazia niliwanunulia mimi."

Akayashusha, akayakunja vizuri, akamkabidhi. "Haya, mama."

"Na ile ndoo ya bluu."

"Ndoo ni yangu, mama. Nilikuja nayo."

"Ulikuja na ndoo gani wewe? Ulikuja na karai."

"Karai na ndoo. Karai liko kwenye gari, ukitaka kulitazama."

Barazani gazeti lilisema: "Balbu waziache."

"Balbu ni zetu, kaka," alisema mumewe. "Tulinunua juzi."

"Nyaya ni zangu."

Wakaziacha. Mumewe alibeba meza, akabeba kitanda vipande vipande, akabeba sanduku la vyombo. Alibeba kwa bidii ya ajabu, hakuacha hata kijiko mkewe akishike, na kila akipita mbele yake alipunguza mwendo, kama mtu anayesubiri kusifiwa. Hakusifiwa. Walipobaki wao wawili nyuma ya gari, yeye akikaza kamba, aliamua kujidai mwenyewe.

"Kaka hanisemeshi. Mama hanisemeshi. Nimekosa nyumba niliyolelewa humo baada ya baba kufariki. Yote haya nimeyabeba kwa ajili yako, na mpaka leo hujaniambia hata asante."

"Asante ya nini?"

"Si nilisema ukweli mbele ya Meneja?"

Mkewe aliweka chini fungu la magodoro.

"Hukuusema, Baba Pacha. Ulikuponyoka. Ulikuwa unatoroka nao, ukajikwaa, ukamwagika."

"Lakini ulikusaidia."

"Ulinisaidia."

"Basi."

"Basi nini? Niliombee dua jiwe ulilojikwaa?"

Mumewe alikaza kamba ambayo ilikuwa imeshakazika. Kisha, kwa sauti ambayo mkewe hakuwa ameisikia tangu siku za uchumba, alisema: "Niliogopa."

"Najua."

"Bado naogopa."

"Hata mimi. Na Jumatatu naingia kibandani, wale wafumaji wananipita asubuhi na jioni. Unafikiri mimi nimefumwa kwa nyuzi za chuma hata nisiogope?"

Dereva alipiga honi. Mbele palikuwa na nafasi ya mtu mmoja tu na watoto. Mwanamke aliwapandisha pacha, akaingia, akawapakata mmoja huku mmoja huku. Mumewe alisimama na mkono kwenye mlango, hajui kama aufunge au aushikilie. Nyuma yake, barazani, gazeti lilikuwa limeshuka kidogo na macho yalionekana juu yake. Mama mkwe alikuwa ameyakumbatia mapazia. Pale palikuwa bado na kiti kimoja, kama mumewe angekitaka, na yeye alijua, na mkewe alijua kwamba anajua.

"Na mimi?" aliuliza.

"Nyuma, kwenye magodoro," alisema mkewe. "Shika kabati, halijafungwa vizuri."

"Sawa."

"Lishike kweli. Likidondoka, shuka nalo."

Akafunga mlango. Gari likatikisika alipopanda. Walipokuwa wanakata kona ya mtaa, mwanamke aliangalia kwenye kioo cha pembeni. Barabara ilikuwa mbaya na dereva hakuwa na huruma. Mumewe alikuwa amelikumbatia kabati kwa mikono yote miwili, shavu limebanwa kwenye mbao, na kila gari liliporuka shimo, yeye na kabati waliruka pamoja.